Siku Tatu Bila Kuwasha Moto

Binti yangu aliniambia niende kisiwani nikapumzike. Nilimwuliza nipumzike kutoka kazi gani, maana nilikuwa nimestaafu reli miaka mitano, na kazi yangu kubwa siku hizo ilikuwa kufungua madirisha asubuhi na kuyafunga jioni. Yeye anakaa Lubumbashi na mume wake na watoto wao, na kila Jumapili baada ya misa hunipigia simu. Miezi minane ilikuwa imepita tangu mama yake afariki, na simu zote zilikuwa zinaishia mahali pamoja: nifunge nyumba ya Kamina, nihamie kwake.

Mimi sikutaka, na sitajifanya kwamba nilikuwa na sababu kubwa. Nimekuwa mashinisti, yaani dereva wa treni, karibu maisha yangu yote ya utu uzima. Katika mtaa wetu wa watu wa reli nikikohoa asubuhi, jirani anajua ni kikohozi cha nani. Lubumbashi ningekuwa mzee wa chumba cha nyuma, anayeulizwa kama amekunywa dawa. Tena katika nyumba ya Kamina kuna mlango wa jikoni ambao mke wangu aliufunga kwa teke miaka yote, kwa sababu mikono yake ilikuwa na sufuria, na alama ya teke iko pale chini hadi leo. Sikuona ni nani angenipa mlango wa namna hiyo kwingine.

Kisiwa chenyewe kiko mbali, chini ya Bukama, ambako Lualaba inaacha kuwa mto na kutawanyika kuwa maziwa na matete. Kimo ndani ya mbuga ya wanyama. Mfanyakazi mwenzake binti yangu alikuwa amekwenda huko na marafiki zake, wakapanda mitumbwi, wakatazama ndege, wakapiga picha, wakarudi wameungua jua na wana furaha. Binti yangu akaona dawa yangu iko huko. Mimi niliona kitu kingine: nafasi ya kumaliza maneno.

"Unazani siwezi kuikala minyi moya?" nilimwuliza, yaani kukaa peke yangu.

"Papa, haukulake muzuri. Najua."

"Nakula."

"Unakula nini?"

Jibu lilikuwa mkate na sardini za kopo. Katika miaka yote ya ndoa sikuwahi kupika hata yai. Niliondoka nyumbani na chakula cha mke wangu kwenye kikapu, nilirudi nikakuta chakula cha mke wangu mezani, na sikuwahi kujiuliza kati ya hapo na hapo kulikuwa na nini. Lakini hayo si mambo ya kumwambia mtoto kwenye simu.

"Basi sikia," akasema. "Uende kule siku tatu. Weye moya. Hapana kupikiwa na muntu. Ukirudia na unaniambia uliweza, sitakusumbua tena na mambo ya kuhama."

"Na kama nashindwa?"

"Unafunga nyumba, unakuya. Na sitakuya kuchungulia, Papa. Utaniambia weye mwenyewe, juu weye haudanganyake."

Nikasema sawa. Nilisema haraka na kwa sauti kubwa, kama kawaida yangu ninapokuwa sina hakika.

Kusafiri kwa treni kama abiria ni adhabu kwa mashinisti. Kutoka Kamina mpaka Bukama sikutulia. Kila tulipokaribia kona mkono wangu ulitafuta breki, na breki haikuwapo, palikuwa na goti la mama mmoja aliyenitazama vibaya. Kijana aliyekuwa mbele kwenye injini alifunga breki kwa pupa, akatutikisa, halafu akachelewa kuondoka kila kituo. Nilitaka kwenda kumwambia. Nilikumbuka kwamba hata mimi ujana wangu wote wazee walitaka kuja kuniambia, nikabaki mahali pangu na saa yangu mkononi.

Bukama nilipanda boti ya wafanyabiashara. Niliwekwa kati ya magunia ya chumvi na mama mmoja mnene wa makamo, mwenye vikapu vitupu vya samaki. Alikuwa ameuza samaki wake mjini na sasa anarudi kwake. Alinisalimu kwa Kiluba, "Wakomapo, tata," yaani baba, nami nikamjibu vizuri, ingawa Kiluba changu ni cha upande wa mama tu. Baba yangu aliletwa na reli kutoka mbali, mimi nilizaliwa Luena kwenye machimbo ya makaa ya mawe, na nyumbani tulisema Kiswahili ili pasiwe na mtu wa kukasirika. Tulipokuwa tumepita upande wa Katoto mama yule akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamtajia kisiwa.

"Njo kwetu kule," akasema, yaani ndiko kwao. "Unaenda kwa nani?"

"Kwa hakuna muntu. Naenda kutembea tu."

"Kutembea na nani?"

"Minyi moya."

Akanitazama uso, akatazama mkeka wangu niliouviringisha kwenye mfuko, akatazama uso tena. Kwa lugha yetu kutembea ni kwenda kwa watu. Mtu anatembea kwa dada yake, kwa rafiki yake. Mtu hatembei kwa hakuna mtu. Nilijua hivyo hata wakati nasema, lakini sikuwa na neno lingine katika Kiswahili chetu, na lile la Kifaransa, la watalii, niliona haya kulitumia mbele ya vikapu vya samaki. Mama alisogeza vikapu vyake nikapata pa kunyoosha miguu, na safari yote iliyobaki alisema na mimi kwa sauti ya chini.

Kisiwa kina pande mbili. Upande mmoja ni kambi ya wavuvi, moshi na nyavu na kelele za watoto. Upande wa pili, baada ya mwendo wa dakika ishirini na mbili kwa miguu, ni nyumba tatu za nyasi za wageni wa mbuga. Mlinzi wa mbuga alinipokea, mwanamume mwembamba, mpole sana, sare yake imepigwa pasi kana kwamba anangoja waziri. Alinionyesha kitanda, chandarua, mafiga matatu nje, kuni na sufuria. Akaniambia kwa masikitiko kwamba wageni wengine hawakuja, kwa hiyo nyumba zote tatu ni zangu.

"Hautaogopa, papa?"

"Niogope nini?"

"Hapana, nauliza tu," akasema, akaenda zake.

Jioni hiyo nilijaribu kuwasha moto. Naomba nisieleze mengi. Kuni zilikuwa na unyevu, au mimi ndiye sikujua, na moshi ulinifuata kila nilikohamia. Mtu aliyeendesha mashine ya tani nyingi kupita milima alishindwa na vijiti vitatu. Niliitukana sufuria na kuipiga teke, ikaviringika mpaka majini, nikalazimika kuifuata nimekunja suruali. Nikafungua sardini. Ndani ya nyumba kulikuwa na joto, basi nilitandika mkeka wangu nje, chini, nikakaa nimeelekea ziwa mpaka giza likaingia. Nikatafuta wembe ili asubuhi ninyoe ndevu, nikakuta nimeusahau Kamina. Mke wangu ndiye aliyekuwa akinipangia mfuko.

Siku ya pili mlinzi alikuja kunitembeza, kwa sababu ndiyo kazi yake. Tulizunguka kisiwa kwa njia iliyofyekwa vizuri, saa moja na dakika nane. Alinionyesha viboko, masikio tu na pua juu ya maji. Alinionyesha ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mnene kama kiatu, amesimama peke yake kwenye matete, hatikisiki.

"Ule njo anapenda kuikala ye moya," mlinzi alisema.

Nikamwuliza kama anapenda au hakuna aliyemwuliza. Alicheka kwa adabu.

Sitasema kisiwa si kizuri. Ni kizuri mno, na hilo ndilo lililonisumbua. Tulipofika mahali ambapo matete yanaachana na ziwa lote linaonekana, ndege weupe waliinuka kwa pamoja, mamia, maji yakabaki na mawimbi madogo chini yao. Nikageuka kushoto. Mke wangu alikuwa akitembea kushoto kwangu daima, kwa sababu sikio langu la kulia liliharibiwa na injini. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa kusema, "Unaona?" Kushoto kwangu kulikuwa na nyasi. Mlinzi alikuwa nyuma, amesimama akingoja nimalize kutazama. Nikamwambia nimechoka, turudi.

Mchana huo ndipo nilipoelewa tofauti ambayo nilikuwa sijaiona Kamina. Nyumbani kila kitu kina kazi ya kunidanganya. Treni inapiga honi, ninatazama saa, ninasema imechelewa, na kumbe nimekwisha kupitisha dakika. Jirani anagombana na mkewe, nasikiliza. Kisiwani hapakuwa na kitu cha kuchelewa. Nilikaa kwenye mkeka nikajua kwamba mke wangu amekufa. Naandika hivyo kwa sababu sina namna nyingine ya kuandika. Nilikuwa nimemzika miezi minane nyuma na nilikuwa sijajua.

Jioni mama wa samaki akaja. Aliinua mkono kwa mbali, akapiga magoti pembeni ya mkeka, akaweka chini sahani mbili zilizofunikwa. "Pole, tata," akasema, akaondoka bila kungoja jibu. Nilifunua. Moja ilikuwa na bukari, ule ugali wetu, bado unatoa mvuke. Nyingine samaki wa siku hiyo aliyepikwa na nyanya, na sombe, yaani kisamvu, pembeni. Mate yalinijaa kinywani kama mtoto. Nikakumbuka: hapana kupikiwa na mtu. Nyumba yangu yote ya Kamina ilikuwa ndani ya sahani zile. Nikazifunika tena, nikazisukuma mbali kwa kidole, nikala mkate uliokuwa umeanza kuota ukungu.

Asubuhi ya siku ya tatu alirudi kuchukua vyombo. Alipofunua akakuta bukari nzima, imekauka, sisimizi wamejipanga juu yake. Alinitazama. Nilidhani amekasirika, nikaanza kutafuta neno la kuomba radhi. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameogopa. Aliacha vyombo palepale na akaondoka mbio, mwili wake wote mnene ukitikisika kwenye njia, akipaza sauti kwa Kiluba maneno ambayo sikuyasikia vizuri kwa sikio langu moja.

Haikupita nusu saa wakaja. Wavuvi sita au saba, wanawake watatu, mlinzi amevaa sare nusu. Kitu cha kwanza walichofanya ni kuvuta mtumbwi wa wageni kutoka majini na kuupeleka mbali juu ya nchi kavu. Mwanamume mmoja alichukua kisu changu cha mkate akakiweka mfukoni mwake, pole pole, akitazama pengine. Halafu wote wakaketi chini kunizunguka, wanaume upande huu, wanawake upande ule.

"Kuko nini?" nikauliza.

Mama wa samaki ndiye aliyejibu. "Tata, usikasirike. Tunaikala na weye tu."

"Juu ya nini?" nikamwuliza sababu.

"Uko mu kilio, tata. Kilio haikalikake muntu moya."

Alisema niko matangani, na matanga hayakaliwi na mtu mmoja. Hapo ndipo nilipojitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. Mtu mzima amefika peke yake, hakuja kwa mtu yeyote. Halali ndani, analala nje kwenye mkeka. Hanyoi ndevu. Mafiga yake ni ya baridi siku ya tatu sasa, na kwetu kila mtu anajua ni nyumba gani haiwashi moto na inaletewa chakula na wengine. Dalili zote za mfiwa nilikuwa nazo, sikukosa hata moja, na mimi mwenyewe nikimwona mtu wa hivyo Kamina ningevua kofia. Tena mfiwa huyu alikataa kula. Mfiwa anayekataa chakula, walisema baadaye, anataka kumfuata aliyekwenda. Ndiyo maana mtumbwi ulihamishwa.

Ningecheka. Kulikuwa na mahali pa kucheka pale. Badala yake nilipandwa na hasira, kwa sababu nilikuwa na njaa, na kwa sababu siku yangu ya tatu, siku ya mwisho, ilikuwa inaharibiwa na watu kumi wenye huruma. Nilisimama. "Minyi nilikuya kutembea!" nikapiga kelele. "Kutembea tu! Hakuna kilio hapa. Hakuna muntu alikufa!"

Maneno yalitoka, yakaenda juu ya maji, yakafika ng'ambo. Wavuvi walinitazama tu. Mlinzi alitazama viatu vyake. Nilibaki nimesimama, kinywa wazi, na nilisikia nilichokisema. Nimesema mke wangu hakufa. Hapana, ni vibaya zaidi ya hapo, nimesema hakuna mtu. Wahenga wanasema mdomo uliponza kichwa. Wangu ulinirudisha mkekani, nikaketi ghafla kama gunia lililoachiwa.

"Ni bibi yangu," nikasema. Kwetu bibi ni mke.

"Njo vile," alisema mama wa samaki, si kwa mshangao. "Wakati gani?"

"Myezi munane."

"Na ulimulilia?"

Nikaanza kumweleza. Nilimweleza kilio cha mke wangu Kamina kilivyokuwa, watu wengi, kwaya mbili, chakula hakikupungua. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Nilikuwa na karatasi ya saa: saa ngapi jeneza litoke, saa ngapi padri, saa ngapi ndugu zake waseme. Walipopitiliza niliwakatiza. Nilisimama mlangoni siku zote tatu nikipokea watu na kuwapa viti, nikigombana na wenye magari, nikitafuta maturubai. Watu walinisifu. Walisema mashinisti amemzika mkewe bila kuchelewa hata dakika. Nilikuwa nawasimulia watu wa kisiwani hayo kwa fahari, ninafikiri, mpaka nikafika katikati na nikaona nyuso zao.

"Sasa weye uliikala wapi?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Kuikala?"

"Ku mukeka. Ulilala siku ngapi ku mukeka?"

Sikulala hata moja. Hapakuwa na nafasi kwenye karatasi.

Nililia mbele ya watu ambao sikujua hata mmoja wao anaitwaje. Sikulia vizuri. Nililia kwa sauti mbaya, ya kukwaruza, kama mtu anayejifunza ukubwani. Hawakunigusa wala hawakuniambia ninyamaze. Mmoja alianza kutengeneza wavu wake. Nilipomaliza, mama wa samaki akaenda na akarudi na sahani mbili zilizofunikwa, kama zile za jana, akaziweka mbele yangu, akaketi akinitazama bila kupepesa. Nilinawa mikono. Nilijua kila tonge linanitoa Kamina. Nilikata tonge, nikachovya, nikala. Nikala jingine. Samaki alikuwa na miiba mingi na chumvi ya kutosha. Nilikula mpaka sahani ikawa nyeupe, na sikumbuki tangu mazishi chakula kilichonipita kooni namna ile.

Mchana wote ule walikaa na mimi kwa zamu. Wanaume walicheza damu, mchezo wa vizibo vya chupa kwenye ubao, na waliponishinda mara ya nne mmoja akasema mashinisti anajua kwenda mbele tu, hajui kurudi nyuma. Walicheka, hata mimi. Hata hivyo sitaki kusema kwamba upweke uliondoka. Ulikuwa pale, ulikaa na sisi, ila sasa ulikuwa na mahali pake pa kuketi.

Asubuhi ya kuondoka, kaka yake mama wa samaki aliletwa akiwa na wembe. Aliniketisha juu ya kisiki akaninyoa ndevu na kichwa chote, kwa maji baridi, bila sabuni, na alinikata mahali pawili. Mama wa samaki alichukua mkeka wangu akaukung'uta mara tatu, akauviringisha, akaufunga kwa kamba ya wavu.

"Kilio inaisha," akasema. "Sasa urudie ku bantu yako. Uko na bantu, tata?"

"Niko na mutoto. Iko Lubumbashi."

"Aa. Basi ni muzuri," akasema, na nilimwona ametulia. Alitulia kwa ajili yangu, mtu wa kupita. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tunavyosema. Kule siku ya tatu walinipa chakula.

Safari ya kupanda mto ilichukua muda mrefu kuliko ya kushuka. Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kuyapanga maneno. Nilipanga hivi: nimeshindwa, binti yangu. Nilipikiwa. Nilikula chakula cha mtu, na sikukaa peke yangu siku tatu, na pale nilipokaa peke yangu nilikuwa nakaribia kuwa kichaa. Nitafunga nyumba. Niliyasema kimya kimya mara nyingi, yakakaa vizuri mdomoni. Kichwa kilikuwa chepesi kwa kunyolewa na upepo ulikipata.

Network ilirudi tulipoiona Bukama. Simu ililia kabla boti haijafungwa. Binti yangu alikuwa amepiga mara nyingi, alisema, tangu asubuhi.

"Papa! Uko muzuri?"

"Niko muzuri."

"Na uliweza?"

Kuna kitu katika sauti ya mtoto wako anapokuuliza kama umeweza. Ni mimi niliyemfundisha baiskeli, ni mimi niliyekuwa namwuliza swali hilo. Watu walikuwa wanateremka, mama mmoja alikuwa anavuta gunia juu ya mguu wangu. Maneno yangu yote niliyoyapanga yalikuwa tayari.

"Niliweza," nikasema.

"Weye moya? Hakuna muntu alikupikia?"

"Hakuna muntu."

Ilikuwa mara ya pili wiki ile kusema hakuna mtu, na safari hii hapakuwa na wavuvi wa kunitazama. Nilingoja aseme kwamba nadanganya. Ningekiri papo hapo, Mungu shahidi wangu. Nilikuwa naomba aseme. Lakini aliniamini.

"Basi ni sawa, Papa," akasema. "Nilisema, sitakusumbua tena." Halafu akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeeleza mambo ya nyumbani, "Tulikuwa tulisha kupaka chumba rangi."

"Chumba gani?"

"Yako. Ile ya mbele, ya bana yetu. Bana bakahamia nyuma. Banasema babu anapenda kuona barabara."

Nilisimama na simu kwenye sikio zuri. Nilitaka kusema nimedanganya. Nikauliza kitu cha kijinga, kitu cha kwanza kilichokuja.

"Rangi gani?"

"Nyeupe tu," akasema. "Juu macho yako haionake muzuri."

Kisha simu ikakatika. Nilichukua mfuko wangu nikapanda kwenda stesheni. Treni ya Lubumbashi ilikuwa imesimama pale, milango wazi, injini inanguruma, na watu walikuwa bado wanaingiza mizigo. Ilikaa dakika arobaini na moja. Niliketi kwenye benchi nikaitazama mpaka ikaondoka, halafu nikangoja ya Kamina.